Springi za mbele Mchikichini: anayepima uzito hanunui mara mbili

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa springi za koili anayeingia katika maduka ya vipuri ya Mchikichini na Gerezani, jijini Dar es Salaam, kwa kawaida huuliza mambo mawili: springi ni ya gari gani, na urefu wake ni kiasi gani. Maswali hayo hayatoshi. Kwa mwenye gari la porini lililofungwa ekseli nzima mbele, yanaweza kumfanya anunue jozi moja leo na nyingine mwezi ujao.

Tuchukue springi tatu zenye mdomo mmoja na mizunguko sawa. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 45, ya pili 40, na ya tatu 36. Wanunuzi wengi wataamini kuwa ile ndefu ndiyo ngumu na ndiyo itakayonyanyua gari. Hesabu inasema vingine. Springi hizo tatu zinaweza kusimamisha pua ya gari moja kwenye kimo kile kile, na ile fupi ikawa ndiyo ngumu kuliko zote. Tofauti imejificha katika unene wa waya, nayo ni milimita moja tu kati ya springi na inayofuata.

Kwa hiyo suala la kujadiliwa katika ukurasa huu wiki hii ni njia ya kujua kilichomo ndani ya springi kabla ya kutoa fedha. Anayebahatisha hulipa mara mbili, na wakati mwingine gharama hiyo huangukia usukani na breki za gari linalobeba watu.

SOKO NA WATEJA WAKE

Mchikichini inajulikana zaidi kwa nguo za mitumba katika Soko la Karume, lile lililoungua Januari 2022. Lakini mtu akitoka hapo akifuata Barabara ya Shaurimoyo kuelekea Gerezani, biashara hubadilika. Nguo zinapungua, vyuma vinaongezeka: milango, taa, shokapu, difu, springi za mabapa na springi za koili.

Wateja wa springi za mbele ni wa aina nyingi. Wapo wenye magari ya kupeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa njia ya Kibiti na Mloka. Wapo makandarasi, wenye mashamba, na wanaopeleka mafundi wa minara na visima vijijini. Wapo pia vijana wenye Toyota Hilux au Surf wanaotaka gari liwe refu na lipite kwenye mawe na mifereji.

Bidhaa wanazokuta ziko katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la mtumba, springi zilizotolewa kwenye magari yaliyovunjwa. La pili ni springi mpya za viwanda mbalimbali vya Asia, zinazouzwa kwa jina la gari na mwaka wake. La tatu ni vipuri halisi vya kiwanda kilichotengeneza gari. La nne ni springi za kampuni zinazotengeneza vifaa vya magari ya porini peke yake, kama Old Man Emu ya Australia, ambazo huuzwa kwa kueleza uzito zinaobeba.

Fungu hilo la nne ndilo pekee linalomwambia mnunuzi jambo analohitaji kulijua: kilo ngapi. Katika mafungu mengine mnunuzi analazimika kutafuta jibu mwenyewe, hasa katika mtumba, ambako alama za rangi za kiwandani zimekwisha kufutika.

EKSELI NZIMA IMETOKA WAPI

Magari ya porini ya zamani yalikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, yaani boriti moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, ikiwa na difu ndani yake, na kukalia springi za mabapa. Range Rover ya mwaka 1970 iliingia na koili huku ikibaki na ekseli nzima. Land Rover ilifuata kwa One Ten mwaka 1983. Nissan Patrol iliyoanza mwaka 1987 ilikuja na koili mbele na nyuma. Toyota Land Cruiser 80 ilianza mwaka 1990 kwa mtindo huo huo. Land Cruiser 70 zile za kazi nzito ziliendelea na mabapa mbele hadi mwaka 1999, zilipowekewa koili mbele, na hadi leo ekseli yao ya mbele ni nzima.

Upande wa pili, magari mengi ya abiria na pikapu yalihamia kwenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Baadhi ya Hilux Surf na Hilux za miaka ya 1980 na 1990 hutumia nondo ya kujipinda, ambayo mafundi huiita tosheni, badala ya koili au mabapa. Mfumo huo ni mtulivu katika lami. Porini una upungufu wake: gurudumu halishuki sana shimoni, na sehemu zinazoweza kulegea ni nyingi.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuondoa mfumo mzima wa mbele na kufunga ekseli nzima ya gari jingine. Ekseli ya Land Cruiser 80 hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ni imara, ina sehemu za kukalia koili tayari, na ina nati sita za gurudumu kama Hilux. Land Cruiser 70 za kuanzia 1999 zina nati tano, hivyo anayechukua ekseli zao ajue kuwa rimu zake za zamani hazitaingia.

Kuna tahadhari moja kabla hata ya kufika kwenye springi. Difu ya mbele ya Land Cruiser 80 imekaa upande wa kulia wa gari. Ya Hilux za ekseli nzima imekaa kushoto, na gia boksi ndogo ya Hilux hutoa shafti ya mbele upande huo huo wa kushoto. Anayenunua ekseli bila kulitazama hilo hugundua shafti haikutani na difu wakati gari limekwisha kukatwa.

ANZA NA MIZANI

Springi hufanya kazi ya kubeba uzito. Kwa hiyo swali la kwanza ni uzito upi. Gari lililobadilishwa ekseli si la kiwandani tena, na jina lililoandikwa kwenye springi halimsaidii mwenye gari. Springi ya mbele ya Land Cruiser 80 ilipimwa kwa ajili ya injini, bodi na vioo vya Land Cruiser 80. Ikifungwa chini ya Hilux yenye injini nyepesi ya silinda nne, gari litasimama juu mno na kuruka kama mbuzi. Ikifungwa chini ya gari lenye injini nzito ya dizeli ya silinda sita, ngao ya chuma na winchi, litainama.

Njia ya uhakika ni mizani. Gari lipelekwe kwenye mizani ya kupimia magari, kama ile ya ghala au ya wanunuzi wa vyuma chakavu, magurudumu ya mbele peke yake yakanyage jukwaa, na kipimo kisomwe. Lipimwe likiwa na kila kitu linachotembea nacho: mafuta, ngao, winchi, betri ya pili na dereva.

Tuchukue mfano wa ekseli ya mbele iliyosoma kilo 1,300. Ndani ya kilo hizo umo uzito wa ekseli yenyewe, difu, breki, rimu na tairi, ambao springi haiubebi kwa sababu uko chini yake. Tuseme vitu hivyo ni kilo 300. Kinachobaki ni kilo 1,000, nusu kila upande. Kila springi inabeba kilo 500.

Mwenye gari anayepanga kuongeza winchi baadaye asiishie kujumlisha uzito wa winchi. Kitu kinachoning'inia mbele ya ekseli hufanya kazi kama mizani ya bembea. Gari lenye umbali wa sentimita 285 kati ya ekseli mbili, ambao ndio wa Land Cruiser 80, likiwekewa ngao na winchi vya kilo 100 vilivyokaa sentimita 90 mbele ya ekseli, uzito unaoongezeka kwenye ekseli ya mbele ni kilo 132. Kilo 32 za ziada zimetolewa nyuma, ambako gari linakuwa jepesi zaidi.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho wengi wanachokosea. Mtu husema gari lake linabeba mzigo mzito, kwa hiyo anataka springi ngumu mbele. Mzigo wa pikapu hukaa nyuma. Kilo 300 zikiwekwa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari hilo hilo, ekseli ya mbele hupungukiwa kilo 63. Mwenye mzigo wa nyuma anahitaji springi ngumu nyuma. Springi ngumu mbele zitamfanya adunde njia nzima, na usukani uwe mwepesi kupita kiasi.

HESABU YA MNUNUZI DUKANI

Ugumu wa springi ni idadi ya kilo zinazohitajika kuibana sentimita moja. Springi ya kilo 25 kwa sentimita ikiwekewa kilo 25 inashuka sentimita moja, ikiwekewa kilo 500 inashuka sentimita 20.

Ugumu huo hauonekani kwa macho, lakini hupatikana kwa venia, futi ya fundi na kikokotoo cha simu. Vinavyotakiwa ni vipimo vitatu. Kwanza, unene wa waya kwa milimita. Pili, upana wa mzunguko kutoka katikati ya waya wa upande mmoja hadi katikati ya waya wa upande wa pili; hupatikana kwa kupima upana wa nje na kutoa unene wa waya mmoja. Tatu, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, yaani ile iliyo huru, bila kuhesabu sehemu za mwisho zinazolala kwenye vikalio.

Kisha hesabu inakwenda hivi. Unene wa waya uzidishwe wenyewe kwa wenyewe, utokee mara nne. Jibu lizidishwe kwa 10,000. Upana wa mzunguko nao uzidishwe wenyewe kwa wenyewe, utokee mara tatu, kisha uzidishwe kwa idadi ya mizunguko. Jibu la kwanza ligawanywe kwa jibu la pili. Kinachopatikana ni kilo kwa sentimita, kwa chuma cha kawaida cha springi.

Mfano: waya wa milimita 14, upana wa nje 144, mizunguko huru saba. Upana wa katikati ni 144 kutoa 14, yaani 130. Kumi na nne mara nne ni 38,416. Ikizidishwa kwa 10,000 ni 384,160,000. Mia moja na thelathini mara tatu ni 2,197,000. Ikizidishwa kwa saba ni 15,379,000. Ukigawanya unapata kilo 25 kwa sentimita.

Sasa tushike mdomo ule ule wa milimita 144 na mizunguko ile ile saba, tubadilishe unene wa waya tu:

Waya wa milimita 13: kilo 18 kwa sentimita
Waya wa milimita 14: kilo 25 kwa sentimita
Waya wa milimita 15: kilo 34 kwa sentimita
Waya wa milimita 16: kilo 45 kwa sentimita

Kutoka 14 hadi 16 ni tofauti ya milimita mbili, ambayo mtu aliyesimama mbele ya rundo la springi haitambui kwa macho. Ugumu umepanda kwa asilimia 80. Ndiyo maana venia ndogo katika mfuko wa mnunuzi ina thamani kuliko maneno mengi ya muuzaji.

Idadi ya mizunguko nayo ina kazi yake, ingawa ndogo zaidi. Springi ya mizunguko saba ikikatwa mmoja ikabaki na sita, ugumu unaongezeka kwa asilimia 17 hivi. Wanaokata koili ili gari lishuke hupata gari lililoshuka na kuwa gumu kwa pamoja, mara nyingi bila kulitaka la pili.

KIMO SI UGUMU

Ukishajua uzito na ugumu, urefu unaotafutwa unapatikana kwa kujumlisha. Gari lisimamishwe kwenye jeki katika kimo kinachotakiwa, kisha upimwe umbali kati ya kikalio cha chini cha springi na cha juu. Tuseme ni sentimita 25. Springi itakayobeba kilo 500 na kusimama kwenye sentimita hizo 25 lazima iwe na urefu huo pamoja na kiasi itakachobanwa.

Ya kilo 25 kwa sentimita hubanwa sentimita 20, hivyo inahitaji urefu wa 45 ikiwa mezani. Ya kilo 34 hubanwa karibu 15, hivyo inahitaji 40. Ya kilo 45 hubanwa 11, hivyo inahitaji 36. Hizo ndizo zile springi tatu tulizoanza nazo. Gari litasimama sawa kwa zote, lakini halitatembea sawa.

Ile laini na ndefu itayumba taratibu, kama mara 67 kwa dakika. Ya katikati ni kama mara 78, na ngumu ni kama mara 90. Ile laini ina sentimita 20 za kulifuata gurudumu linaposhuka shimoni kabla haijalegea, wakati ngumu ina 11 tu. Kwa mtu wa mawe na mifereji, gurudumu linaloendelea kugusa ardhi ndilo linalomtoa. Kwa upande mwingine, ile laini huinamisha pua zaidi breki zinapokanyagwa na huegemea zaidi kwenye kona.

Tofauti huonekana pia uzito unapobadilika. Ile winchi ya kilo 100, iliyogeuka kilo 132 kwenye ekseli, inaongeza kilo 66 kwa kila springi. Springi laini itashuka sentimita 2.6, ya katikati 1.9, ngumu 1.5.

Kwa gari la mchanganyiko, linalokwenda kazini Jumatatu na porini Jumamosi, njia ya katikati huwa salama. Anayepita matuta ya barabara kuu kila siku akiwa na abiria asifuate ushauri wa mtu anayetoa gari kwenye matope mara mbili kwa mwaka.

GHARAMA ZINAZOFUATA SPRINGI

Springi ya bapa hufanya kazi mbili: hubeba uzito na kuishika ekseli mahali pake. Koili hubeba uzito peke yake. Ekseli yenye koili lazima ishikwe na mikono miwili inayoizuia kwenda mbele na nyuma, na fimbo ya Panhard inayoizuia kwenda kando. Anayebadilisha gari kutoka mabapa au tosheni kwenda koili na kununua springi tu hajanunua nusu ya kazi. Bajeti ya mikono, vikalio, bushi, fimbo na uchomeleaji wa fundi anayejua kazi yake lazima iandikwe kwenye karatasi moja na springi.

Gari likinyanyuliwa, mambo manne hubadilika kwa pamoja. Fimbo ya Panhard huivuta ekseli upande mmoja. Mikono huizungusha ekseli, na ule mlalo unaorudisha usukani katikati, ambao mafundi huuita kasta, hupungua. Gari huanza kutangatanga kwa kasi na dereva huchoka. Mipira ya breki hukaza gurudumu linaposhuka. Shokapu za zamani huwa fupi.

La breki ndilo la hatari kuliko yote. Mpira uliotosha gari likiwa limesimama unaweza kukatika gurudumu moja linapokuwa shimoni na jingine juu ya jiwe. Kabla ya gari kutoka gereji, linyanyuliwe upande mmoja hadi gurudumu lining'inie, na mpira utazamwe ukiwa umelegea.

Shokapu nayo ina mipaka miwili. Ikiwa ndefu kupita springi, gurudumu likishuka springi hulegea na inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Ikiwa haiwezi kufunga vya kutosha, itagonga mwisho wake kabla ya raba za kuzuia kugonga, na kuvunjika. Shokapu hununuliwa baada ya springi kuchaguliwa, si kabla. Springi ngumu pia hutaka shokapu yenye nguvu ya kuzuia kudunda. Jozi iliyochakaa ikifungwa na koili ngumu mpya, gari litarukaruka na tairi zitaliwa vipande vipande.

MTUMBA AU MPYA

Springi ya mtumba si lazima iwe mbaya. Chuma cha springi kilichotunzwa huhifadhi ugumu wake kwa miaka mingi. Kinachopotea ni urefu: springi iliyobeba uzito muda mrefu husinyaa na gari hukaa chini, ingawa kilo zake kwa sentimita ni karibu zile zile. Kwa hiyo springi mbili za jozi zisimamishwe kwenye sakafu iliyo sawa na zipimwe. Katika baadhi ya magari kiwanda chenyewe hutoa springi tofauti kidogo kwa upande wa dereva, hivyo tofauti ndogo inaweza kuwa ya makusudi. Muuzaji aulizwe zimetoka kwenye gari moja au la.

Kisha itazamwe kutu. Jiji liko pwani, na chumvi ya hewa haina huruma na chuma kilichobanduka rangi. Kutu ya juu juu husuguliwa. Kutu iliyochimba vishimo ndani ya waya ni mwanzo wa ufa, hasa katika mzunguko wa mwisho unaokalia udongo na maji.

Springi ambayo imewahi kutiwa moto ikataliwe bila mjadala. Wapo wanaoichoma ili kuishusha au kuinyoosha. Chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani; moto wa gereji huziondoa pale unapogusa, na hapo ndipo itakapovunjika. Dalili ni rangi ya buluu au kijivu katika sehemu moja, au nafasi kati ya mizunguko isiyolingana bila mpangilio.

Springi mpya ina faida ya rangi nzima na urefu kamili. Lakini upya peke yake si kipimo. Jozi mpya isiyoandikwa uzito wowote hupimwa kwa venia kama ya mtumba.

Tuangalie mfano wa hesabu tu, ambao si bei ya soko. Jozi ya mtumba iwe shilingi 100, jozi mpya iliyoandikwa uzito iwe 250, na ufungaji uwe 60 kila mara. Anayechagua mtumba na kupatia ametumia 160, amewashinda wote. Anayekosea na kurudia ametumia 320, amezidi 310 za aliyenunua mpya mara moja, na bado hajahesabu siku ambazo gari halikufanya kazi. Faida ya mtumba ni ya anayejua kupima.

USHAURI KWA PANDE ZOTE

Mnunuzi aingie sokoni na karatasi yenye namba tatu: kilo anazobeba kila springi, umbali kati ya vikalio gari likiwa kwenye kimo kinachotakiwa, na upana wa vikalio vyenyewe. Achukue venia na futi. Apime waya, ahesabu mizunguko, apige hesabu hapo hapo. Aangalie pia mwisho wa waya: koili yenye mwisho uliolainishwa kuwa bapa haikai vizuri kwenye kikalio kilichochongwa kwa ajili ya mwisho wa mviringo, na kinyume chake. Asikubali springi moja moja kutoka marundo mawili.

Adai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, na wakubaliane mapema kama springi zinaweza kurudishwa baada ya kujaribiwa. Kodi ya ongezeko la thamani iliyomo katika bei ya mfanyabiashara aliyesajiliwa humletea mnunuzi pia kumbukumbu ya maandishi pale mzozo unapotokea. Kwa gari la biashara, kampuni ya bima ijulishwe kuwa ekseli na springi zimebadilishwa, kabla ajali haijaleta swali hilo yenyewe.

Kwa wauzaji ipo nafasi ya faida ambayo haihitaji mtaji mkubwa. Springi ikipimwa mara moja inapoingia dukani, ikafungwa lebo yenye unene wa waya, idadi ya mizunguko, urefu na kilo kwa sentimita, haiwi tena chuma ndani ya rundo. Inakuwa bidhaa inayojieleza. Mteja wa Mloka au Morogoro anaweza kuiagiza kwa simu bila kufika, na muuzaji anaweza kutetea bei yake kwa namba badala ya kiapo. Duka litakaloanza litapunguza pia springi zinazorudishwa, ambazo humla muuzaji muda na heshima.

Mafundi nao wana sehemu yao. Mteja anayeomba gari linyanyuliwe sentimita 10 kwa sababu ameona la mwenzake aambiwe bei ya kazi nzima kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa: springi, shokapu, mipira ya breki, fimbo na kurekebisha kasta. Wapo watakaopunguza sentimita hizo hadi tano baada ya kuiona hesabu. Gari la sentimita tano lililokamilika hufika Mloka na kurudi. La sentimita kumi lililofungwa nusu huishia kuvutwa kwa kamba.